Sahihi ya Nauli

Niliwahi kulipwa shilingi elfu tatu kuwadanganya watu wa kwetu, na siku hiyo sikusema uongo hata mmoja.

Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina, nimerudi nyumbani pwani nikimsaidia mama kuuza unga na vocha za simu kibandani. Akaja kijana mmoja mpole, shati jeupe, kitambulisho kinaning'inia shingoni, akauliza ni nani hapa anayejua Kiingereza vizuri. Nikaonyeshwa mimi. Jumamosi kungekuwa na baraza chini ya mwembe wa shule. Kuna mradi unakuja, kiwanda na gati yake pale mkondoni, na wataalamu kutoka Nairobi wanataka kuzungumza na wananchi. Walihitaji mkalimani. Jina la mradi silitaji, wala la kijiji. Ninachotaka kusimulia ni kazi niliyoifanya mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mtaalamu alisema kwa Kiingereza kwamba mradi ungekuwa na athari kubwa na za kudumu kwa mikoko ya upande wa kaskazini. Kabla sijafungua mdomo, yule kijana wa shati jeupe akaninong'oneza: "Usiwatishe wazee. Sema mabadiliko." Nikasema mabadiliko. Kutakuwa na mabadiliko upande wa mikoko. Si uongo. Mtu akikatwa mguu pia ni mabadiliko. Wazee wakatikisa vichwa. Bibi mmoja akauliza kama mabadiliko hayo yataleta maji ya mfereji, watu wakacheka, mkutano ukasonga mbele.

Mwishoni ikazungushwa karatasi: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Ukishatia sahihi unapewa mia tano ya nauli, soda na mkate. Ami yangu, ambaye alikuja kwa miguu na angerudi kwa miguu, alitia kidole gumba akapokea mia tano ya nauli. Alikuwa wa 41 katika orodha. Najua kwa sababu miezi kadhaa baadaye niliiona orodha ile ile, imepigwa chapa vizuri, imefungwa nyuma ya ripoti nene kama tofali, chini ya kichwa kilichosema kwamba hawa ndio wananchi walioshauriwa na wakauunga mkono mradi. Sahihi ya nauli ilikuwa imegeuka sahihi ya ridhaa.

Leo njia ya kushukia mkondoni imefungwa kwa seng'enge. Ami huzunguka nyuma ya shule, mwendo wa karibu saa nzima, na mshipi wake na kapu lake. Hajawahi kunilaumu. Ndiyo sababu nimechelewa kuandika haya. Ni vigumu kumwomba radhi mtu ambaye hajui kwamba umemkosea.

Sasa tuje kwenye ile hotuba. Unaijua. Kila mara watu wa ufuoni au wa kando ya msitu wanaposimama kuuliza swali, hotuba huwa imeshaandikwa. Ina sehemu tatu. Kwanza, nyinyi mnapinga maendeleo. Pili, mnatumiwa na watu wa nje. Tatu, mazingira hayaliwi. Mbunge huisema, chifu huirudia, na siku hizi hata mwendesha bodaboda atakusomea yote hadi ufike stendi. Nataka kuijibu sehemu kwa sehemu, halafu niwageukie wenzangu tunaojiita watetezi, maana na sisi tuna deni.

Mnapinga maendeleo. Chukua Lamu. Pale Kwasasi, sehemu ya Hindi, kama kilomita ishirini kutoka mji wa kale ambao UNESCO iliutia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, palipangwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. NEMA ikautolea leseni Septemba 2016. Makaa yenyewe, kwa kuanzia, yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Hebu fikiria: nchi inayopata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji na upepo, iagize makaa ng'ambo, iyachome jirani na kisiwa cha Lamu, kisha itie saini mkataba wa kulipia mtambo hata siku ambazo umeme wake hautakiwi. Watu wa Lamu walipouliza maswali haya, wakaambiwa hawapendi taa.

Wakakata rufaa. Muungano wao, Save Lamu, ulikuwa wa wavuvi, wakata mikoko, akina mama wa ushirika, vijana, wazee wa mji. Miaka karibu mitatu ya kwenda na kurudi. Tarehe 26 Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni. Novemba mwaka uo huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitaufadhili mtambo huo, mwaka uliofuata benki ya China iliyotarajiwa kutoa mkopo ikajiondoa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni. Sote tulishangilia. Lakini wangapi tulisoma kwa nini leseni ilifutwa?

Jopo halikusema makaa ya mawe ni haramu. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano iliyofanyika ilikuwa ya utangulizi, ya kutambulisha mradi na kutoa ahadi, kabla utafiti haujakamilika. Utafiti ulipokamilika na madhara yakajulikana, hakuna aliyerudi kwa watu wa Lamu kuwaambia: haya ndiyo tuliyoyapata, mnasemaje? Kwa maneno mengine, kesi kubwa ya mazingira ya kizazi chetu ilishindwa na upande wa pili kwa sababu ya baraza. Baraza kama lile langu la chini ya mwembe.

Hapo ndipo furaha yangu huingia baridi. Kama leseni hufutwa kwa sababu baraza lilifanywa vibaya, basi kampuni ijayo imeshajifunza. Haitaacha kufanya baraza. Italifanya vizuri: hema kubwa, viti vya plastiki, pilau badala ya mkate, orodha ndefu zaidi ya sahihi, na mkalimani hodari kuniliko mimi. Karatasi zitakuwa safi. Na ami atakuwa wa 41 tena.

Kwa hiyo tusidanganyane: anayeuliza swali kwenye baraza hapingi maendeleo. Anafanya kazi ambayo Katiba imempa. Kifungu cha 10 kinataja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 69 kinaiagiza serikali kuhimiza wananchi washiriki katika kuyatunza. Na cha 70, ambacho ningependa kichapishwe kwenye leso, kinasema mtu anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo hahitaji kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyeumia. Yaani huna haja ya kungoja mtoto wako augue.

Maana tukingoja, tunajua kinachotokea. Owino Uhuru, kule Jomvu, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi katikati ya nyumba za watu na risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, mama ambaye mwanawe aliugua, ndiye aliyeongoza vita vile. Kiwanda kikafungwa 2014, naye mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman. Mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Ikaondolewa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikairudisha mwishoni mwa 2024. Miaka kumi tangu kiwanda kifungwe. Mtoto aliyekuwa wa darasa la kwanza siku lile geti lilipofungwa sasa ni mtu mzima kamili. Haki iliyokuja baada ya risasi ni haki, sikatai, lakini haitoi risasi mwilini.

Sehemu ya pili: mnatumiwa na watu wa nje. Hii hunichekesha. Makaa ya Afrika Kusini, mkopo wa benki ya China, wataalamu wa Nairobi, halafu mtu wa nje awe ni mvuvi wa Lamu ambaye babu yake amezikwa pale pale? Ndiyo, mashirika ya kigeni hutoa pesa kwa watetezi wa mazingira. Pesa hizo zina mambo yake na nitayafikia. Lakini anayetumia hoja hii asiitumie upande mmoja. Kama pesa za nje zinaharibu nia, basi tuanze na bilioni kabla ya kufika kwenye fulana.

Tena hoja hii ni ya zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1989, Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, wabunge walimtukana bungeni, yeye na wenzake, wakawaita kundi la wanawake walioachika. Jengo halikujengwa, wafadhili walijitoa. Januari 1999 alikwenda Karura kupanda mti katika ardhi iliyogawiwa matajiri, akapigwa hadi damu ikamtoka kichwani. Leo wajukuu wa waliomtukana hukimbia Karura asubuhi ya Jumamosi na kupiga picha kwenye maporomoko. Hakuna hata mmoja wao anayesema msitu ule ulipinga maendeleo.

Sehemu ya tatu ndiyo ngumu, na sitaki kuipita kwa haraka: mazingira hayaliwi. Huyu anayesema hivi mara nyingi si mbunge. Ni binamu yangu. Ana miaka ishirini na sita, cheti cha kuchomelea vyuma, na mke mjamzito. Aliniambia waziwazi: "Wewe unaandika. Mimi nikipata kazi ya ulinzi pale getini nitaishika kesho. Samaki wenyewe wako wapi?" Sikumjibu siku ile. Na mtu yeyote anayetetea ufuo bila kuwa na la kumwambia binamu yangu, aache.

Nitamjibu leo. Kwanza, swali lake la mwisho ni sahihi, na jibu lake liko kwenye matope. Kaa, kamba na samaki wengi tunaowavua nje hukulia kwenye mizizi ya mikoko. Ukiyakata mazalio halafu ukauliza samaki wako wapi, ni sawa na kuchinja kuku wote wa mayai kisha kulalamika kwamba duka halina mayai. Pili, mikoko huliwa. Kule Gazi, Kwale, tangu 2013 wenyeji kupitia Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa pale, na pesa zimeingia kwenye maji na shule za kijiji. Sisemi Gazi ni pepo. Mapato yale hayawezi kumwajiri kila kijana wa Kwale, na biashara yenyewe ya hewa ya ukaa inahitaji kuchunguzwa kwa makini kama biashara nyingine yoyote. Lakini mtu asiniambie hayaliwi.

Tatu, na hili ndilo kubwa: swali si kazi au hakuna kazi. Swali ni kazi ngapi zinaingia na ngapi zinatoka. Kiwanda kinahesabu kazi zinazoingia kwenye kipeperushi chake cha rangi. Kazi ya mvuvi, ya mama anayekaanga samaki, ya fundi wa dau, ya kijana anayebeba barafu, hizo haziandikwi popote kwa sababu hazikuwahi kuwa na barua ya ajira. Kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakilipwi kikipotea. Wavuvi wa Lamu walilijua hili bandari ilipokuja. Ilibidi waende Mahakama Kuu ya Malindi, na mwaka 2018 ikaamuliwa wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati ya kwanza ikafunguliwa kwa shangwe Mei 2021, nao walikuwa bado wanafuatilia malipo. Meli haikungoja malipo. Wavuvi ndio waliongoja.

Na kuna uonevu mmoja ambao hunikera kuliko yote. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, enzi za mkoloni. Ami akitaka boriti tatu za kuezekea banda anahitaji kibali, na akikamatwa bila kibali anajua atakavyotendewa. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti nchini, wakata mikoko wa Lamu, ambao wazee wao walikuwa wakiuza boriti Uarabuni kwa majahazi, walikaa nyumbani na shoka zao. Walitii. Lakini kiwanda kikitaka kung'oa mkondo mzima, kinachohitaji ni ripoti na orodha ya sahihi. Boriti tatu ni uharibifu, ekari mia ni uwekezaji. Niambie wewe hapo sheria inalinda mti au inalinda nani.

Sasa nimalize na mahasimu niwageukie wenzangu.

Nimekula chakula cha mchana katika warsha nyingi za kutetea mazingira. Hotelini, kiyoyozi kikivuma, maji ya chupa mezani, na wavuvi kumi wamekaa nyuma wakisikiliza maelezo ya Kiingereza kuhusu uvuvi. Tunawapa fulana. Ami anayo moja, nzuri, ya kijani. Aliivaa mwaka mzima kabla ya kuniuliza kifuani pameandikwa nini. Nikamsomea. Akasema, "Maneno mazuri. Si wangeyaandika tukayaelewa?" Huo ndio ukosoaji mkali zaidi niliowahi kuusikia kuhusu harakati zetu, na ulitoka kwa mtu asiyejua kwamba anakosoa.

Kwa sababu hebu tuangalie: kampuni inakuja na Kiingereza, watetezi wanakuja na Kiingereza, mahakama inasikiliza kwa Kiingereza, hukumu inaandikwa kwa Kiingereza. Mwananchi amekaa katikati kama mpira. Mara anaambiwa aunge mkono, mara anaambiwa apinge, na pande zote mbili zinamwomba sahihi. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zinataka mabango, tangazo gazetini, tangazo la redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu. Yaani tangazo lifike kwa lugha ya mtu. Vizuri. Lakini ripoti zote za tathmini nilizozishika mimi zilikuwa za Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Unaitwa kwa Kiswahili, unanyamazishwa kwa Kiingereza.

Na si msomaji pekee anayepoteza, hata utafiti wenyewe unapoteza. Ripoti ile ya kwetu iliuita mkondo wote "uoto wa pwani", maneno mawili basi. Ami angewaambia kwamba pale mbele ni mlilana, nyuma yake mkoko wenyewe, halafu muia, halafu mkandaa, halafu mchu pale kwenye chumvi, na kila mmoja una kazi yake, samaki wake na msimu wake. Angewaambia maji ya bamvua hufika wapi wakati wa kusi, jambo ambalo lingewapunguzia gharama ya gati yao. Hakuna aliyemuuliza. Mkalimani alikuwa upande mmoja tu: kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Kurudi hakukuwa na mtu.

Ndipo nawageukia wasomaji wa jarida hili, na waandishi wenzangu, na mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza. Sisi tunaipenda bahari. Tuna mashairi ya bahari ya kujaza jahazi. Tunaandika harufu ya mwani, mwezi juu ya maji, tanga linalotokomea. Na wakati tukiandika, ripoti ya kurasa mia tano inayoamua kama bahari hiyo itafikika iko mezani kwa chifu, haijatafsiriwa, na muda wa kutoa maoni unakwisha. Tumebobea katika lugha mbili, tatu, halafu ujuzi huo tunaupeleka kwenye kila kitu isipokuwa pale unapohitajika. Sisemi tuache mashairi. Nasema mashairi hayajawahi kusimamisha tingatinga, na ukurasa mmoja uliotafsiriwa vizuri na kusomwa msikitini, kanisani na kwenye kikao cha wavuvi umewahi kuzua swali ambalo wakili alilitumia.

Kuna jambo jingine tunalolikwepa. Mradi haufi, unahama. Wazo la mtambo wa nyuklia lilipoletwa Uyombo, Kilifi, karibu na hori la Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, wenyeji walilikataa. Waliandika ombi kwa Seneti, waliandamana, na mwaka 2024 walipigwa na polisi kwa kuandamana kwao. Baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Pwani tukapumua. Nilisikia kwa masikio yangu mtu akisema, "Alhamdulillahi, wapelekewe wao." Wao kina nani? Mvuvi wa omena ana tofauti gani na mvuvi wa tafi? Kama hoja yetu ilikuwa kwamba watu hawakuelezwa, basi watu wa Siaya nao wanastahili kuelezwa, kwa Dholuo, ukurasa kwa ukurasa, na kama wakielezwa wakakubali, huo ni uamuzi wao halali. Lakini tukishangilia mzigo kuhamishiwa kwa jirani, hatukuwa tunatetea haki. Tulikuwa tunatetea uani kwetu. Na anayetafuta pa kujenga anajua hilo. Anachotafuta ni kijiji chenye kelele kidogo zaidi, na kila mara sisi humsaidia kukipata kwa kunyamaza baada ya zamu yetu kupita.

Basi nadai nini? Nitataja manne, na yote yanawezekana bila kubadilisha Katiba hata nukta.

La kwanza, hakuna leseni bila ripoti nzima kwa Kiswahili, na muhtasari wake kwa lugha ya wenyeji, ukisomwa kwa sauti barazani na redioni. Anayesema tafsiri ni ghali alinganishe bei yake na bei ya gati.

La pili, orodha ya mahudhurio iwe ya mahudhurio tu. Karatasi ya nauli itenganishwe na karatasi ya maoni, na kila aliyetoa maoni asomewe kilichoandikwa kwa jina lake kabla hakijafungwa ndani ya ripoti. Atakayetumia sahihi ya soda kuwa sahihi ya ridhaa ahesabiwe kuwa ameghushi, maana ndivyo alivyofanya.

La tatu, mkalimani asilipwe na mwenye mradi. Mimi nilikula elfu tatu ya mwenye mradi, na ulimi wangu ukajua ni wa nani. Mkalimani ale kiapo, kama mahakamani, na maneno yake yarekodiwe ili mtu aweze kuyarudia na kusema: hapa ulisema mabadiliko, neno lilikuwa athari.

La nne, mizozo ya ardhi imalizwe kabla ya mradi kuanza. Pwani nzima imejaa watu waliozaliwa, wakaoa na kuzika mahali ambapo karatasi zinasema hawapo. Mtu asiye na hati hashauriwi, huondolewa. Baraza la watu wasio na hati ni mazungumzo kati ya mwenye nyumba na wageni, isipokuwa wageni ndio wenye nyumba.

Hayo ni ya serikali. La kwetu ni moja: kama unajua lugha mbili, na karibu nyote mnaosoma hapa mnajua, tafuta ripoti moja ya mradi ulio karibu nawe. Ni haki yako kuiomba, Kifungu cha 35 kimekupa. Tafsiri kurasa kumi. Zisome kwa watu kumi. Sikiliza maswali yao, uyaandike, uyapeleke kwa Kiingereza yalikotoka. Haihitaji fulana.

Mimi nimeanza, nikiwa nimechelewa. Mwezi uliopita nilimketisha ami kibarazani, kahawa chungu katikati yetu, nikamsomea sura ya mikoko kwa Kiswahili, safari hii neno kwa neno. Nilipofika kwenye "athari kubwa na za kudumu" akaniinulia mkono nisimame.

"Maneno haya yalikuwapo siku ile ya baraza?"

"Yalikuwapo, ami."

"Na wewe uliyasoma?"

"Niliyasikia. Nikayasema vingine."

Akanyamaza muda mrefu. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Akaniuliza kurasa zimebaki ngapi. Nikamwambia ni mia nne na kitu.

"Basi soma," akasema. "Na kesho uje tena, niwaite na wenzangu."

Nimekwenda mara tano sasa. Tuko ukurasa wa 63. Wenzake wamefika kumi na wanne, wana maswali ishirini na mawili, na nimeyaandika yote. Hakuna anayepewa nauli.